Korongo Waliohesabiwa Mara Mbili

Mpendwa Mama,

Nimechukizwa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda barua za kuzunguka, zile zinazouliza hali ya mbuzi na hali ya mvua kabla hazijasema nani amekufa. Nimechukizwa mpaka chai inanikataa. Nimechukizwa na kikundi chako cha ndege, na mwenyekiti wake, na fulana zake za kijani, na keki yake. Tena nimechukizwa na mtu mwingine ambaye nitamtaja nikishapata nguvu ya kumtaja.

Barua hii naiandika wazi. Nikimaliza nitaibandika kwenye ubao wa matangazo pale sokoni Ndalu, chini ya tangazo la mbegu, anayetaka aisome na asiyetaka apite. Nyumbani ulikuwa mama yetu sisi watoto wako, lakini Jumamosi asubuhi ulikuwa mama wa yeyote aliyekuja na buti za mpira. Kwa hivyo watu nao wana haki ya kusikia ulichofanyiwa.

Unakumbuka Jumamosi ya kwanza uliyonichukua? Nilikuwa tayari mwalimu, nafundisha hesabu darasa la saba, najiona msomi. Ulinigongea dirisha kukipambazuka. "Nasimiyu, amka, wageni wako karibu kuondoka." Nilidhani ni wageni wa kanisa, nikakurupuka kutafuta leso. Kumbe wageni ni korongo, hawa wenye taji la dhahabu kichwani na mashavu meupe, waliolala kwenye miti ng'ambo ya kijito. Tuliteremka mpaka kwenye kinamasi, umande ukatulowesha hadi magotini, nikaanza kunung'unika juu ya viatu vyangu. Uliniambia ninyamaze, ati hao ndege wameshasikia wanawake wa maana kunishinda wakilalamika.

Ulikuwa umevaa ile aproni yako ya sokoni yenye mifuko miwili. Mfuko wa kulia uliujaza mahindi makavu. Kila korongo uliyemwona, punje moja ilitoka kulia ikaingia kushoto, na mdomo wako haukutikisika. Mimi nilikuwa na kalamu na daftari, na nilipotea mara tatu. Wewe uliyeachia shule darasa la tatu hukupotea hata mara moja. Nilipokuuliza unafanyaje, ulijibu, "Mimi siangalii karatasi. Naangalia ndege." Nilicheka, lakini iliniuma kidogo.

Na ile kengele! Wacha niwaeleze wanaosoma, maana wengine ni wa juzi. Kinamasi chetu kiko mpakani. Huku ni Ndalu, Bungoma. Ukivuka kijito uko Trans-Nzoia, njia ya kwenda Kitale. Korongo wanalala ng'ambo, kwenye miti ya Mama Kamau, na jua likitoka wanavuka kuja huku kula na kutaga. Ukiwahesabu ng'ambo alfajiri, kisha uwahesabu huku saa nne, umehesabu ndege wale wale. Mtoto wa nasari anaelewa. Kwa hivyo, Mama, uliweka sheria: timu mbili, moja ng'ambo na moja huku, na zote zihesabu kwa wakati mmoja, kengele ya asubuhi ya ile shule ya bweni ikilia, maana inasikika pande zote mbili. Ikilia, unahesabu walio mbele yako. Akivuka mwingine ukishamaliza, huyo si wako.

Baada ya hapo tulikutana kwa Mama Kamau, sote na matope yetu, kunywa chai. Wazazi wake walitoka kule mkoa wa kati akiwa msichana, wakapata shamba hapa, na miti ile mikubwa aliikuta. Wanunuzi wa mbao wamemwendea mara nyingi, naye amewafukuza kwa mwiko. Ninyi wawili mlikuwa mkikaa pale mnagombania korongo mmoja kama watu wanaogombania kuku.

"Mama Wafula, huyo wa mwisho ni wangu. Alikuwa bado kwa mti!"

"Mti gani? Alikuwa ameshatua kwa kabeji zangu."

"Ngai! Wewe si leo umevaa miwani ya marehemu mzee wako? Unaona nini na hiyo?"

Mlibishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeruhusiwa kujumlisha kitu kabla hamjakubaliana ninyi wawili. Nilidhani ni porojo za wamama. Sasa naona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na mengine yote yalikuwa matembezi.

Halafu kulikuwa na lile neno lako. Kila mwaka wazee wa pande zote mbili waliuliza kinamasi kitagawanywa lini, watu wapande nduma na kabeji, kwa kuwa mashamba yamekuwa madogo na watoto wamekuwa wengi. Hawakuwa watu wabaya, na hawako wabaya hata sasa. Wewe ulisimama kwenye baraza ukasema kwa ule mdomo wako, "Siku korongo watakuwa mara mbili ya hawa, gawaneni." Watu walicheka, wazee wakakubali, ikawa ndiyo sheria ya hapa. Haikuandikwa popote. Kila mwaka ulirudi ukawaambia, "Wako vile vile," au "Wamepungua," nao wakaenda zao, kwa sababu hakuna aliyewahi kukushika ukidanganya, hata kwa bei ya nyanya.

Ulipotuacha, watu wa kikundi walikuja mazishini na darubini shingoni, na nililia kuwaona wamejipanga vile. Nilidhani nimebaki na watu.

Mwenyekiti tuliyemchagua baada yako ni Bwana Barasa. Amestaafu kazi ya ofisi, amejenga Kitale, anaongea vizuri mpaka unasahau ulitaka kuuliza nini. Sijawahi kumwona na buti. Siku ya kwanza aliniambia, mimi nikiwa katibu, "Mwalimu, hiki kikundi kinahitaji sura." Sura ikaja. Tukagawanywa matawi mawili, tawi la Kitale na tawi la Bungoma, kila tawi na fulana zake, kila tawi na mpiga picha wake. Watu ambao mlikuwa mnakunywa chai kutoka kwa birika moja wakaanza kushindana nani ameweka picha nyingi kwa simu.

Wacha nikuambie mambo yaliyonitia kinyaa, na yote niliyaona kwa macho yangu. Walifanya siku ya kupanda miti kwa ajili ya jamii. Walikuja na lori, na wageni, na spika, wakapanda mikaratusi kando ya kinamasi. Mikaratusi, Mama! Mama Kamau aliuliza, "Lakini hii si ndiyo inakunywa maji yote?" Dada mmoja wa fulana ya kijani akamwita nyanya kwa lugha ya kwao, akamjibu, "Cucu, miti ni miti bana." Wakapiga makofi.

Wakafanya na siku ya usafi. Tuliokota chupa za plastiki tangu asubuhi, vijana wa Naitiri wakafanya kazi safi kabisa, magunia yakajaa. Saa sita mgeni wa heshima akafika, amechelewa. Unajua walifanya nini? Walimwaga magunia mawili kwenye majani, wakazitawanya zile chupa vizuri, ili mgeni apigwe picha akiokota. Aliokota tatu. Nyingine zilibaki pale mpaka mvua ikazisukuma kwenye kijito. Nilizitoa humo nikarudi nazo nyumbani kwa kikapu, nikitukana peke yangu njia nzima, jambo ulilonikataza.

Na kuna siku walileta simu yenye sauti ya korongo, wakaifungulia karibu na korongo jike aliyekuwa ameatamia. Aliinuka, akatafuta mwenzake huku na huku, akaacha mayai wazi kwenye jua. "Amekuja, amekuja!" walipiga kelele, wakafurahi kama wameshinda mpira. Kijana mmoja akanigeukia, "Niaje Mwalimu, si utupige moja safi?" Nilimpiga picha. Hapo ndipo naanza kujichukia, tuendelee.

Siku ya hesabu ya mwaka huu ilipofika, Barasa alisema kila tawi lihesabu kivyake, ati ndiyo uwajibikaji. Tawi la Kitale walihesabu alfajiri chini ya miti ya Mama Kamau, haraka haraka, kwa sababu walikuwa na arusi mjini. Tawi la Bungoma walingoja gari la wageni kutoka Bumula, likafika saa nne na kitu, ndipo wakahesabu huku kwenye kinamasi. Kengele ya shule ililia katikati, na hakuna aliyegeuza hata shingo. Mimi sikuwa ng'ambo na sikuwa huku. Nilikuwa nyumbani napanga vyeti vya washiriki.

Jioni nililetewa karatasi mbili. Ya Kitale ilikuwa na maelezo chini: "Mmoja amevunjika mguu wa kushoto, unaning'inia akiruka." Ya Bungoma ilikuwa nayo: "Mmoja anachechemea, mguu wa kushoto." Nilizisoma zote mbili nimekaa kwenye kiti chako. Nilijua, Mama. Hakuna kujificha hapo. Yule kiwete alilala kwa Mama Kamau, akavuka na wenzake wote, akaja kula kwetu, akaandikwa mara mbili. Nilimpigia Barasa simu.

"Mwenyekiti, hawa ndege ni wale wale. Huyu kiwete yuko kwa karatasi zote mbili."

"Sasa Mwalimu, kwani korongo kiwete ni mmoja dunia nzima?"

"Walivuka. Wanavuka kila siku. Tulikuwa tunahesabu kwa kengele."

"Hayo yalikuwa ya wamama. Wewe jumlisha tu. Kila tawi limefanya kazi yake, unataka nitupe jasho la watu?"

Nikajumlisha. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Karatasi mbili zilikuwa karibu sawa, na ukiweka vitu viwili vilivyo sawa pamoja unapata mara mbili, hilo nalifundisha kila muhula. Nikaweka sahihi. Nilijiambia ni karatasi tu ya kikundi, nani ataisoma? Neno lako la barazani sikulikumbuka. Hapana, huo nao ni uongo. Nililikumbuka, nikaliweka kando.

Wakafanya sherehe kwenye hoteli moja Kitale. Keki ilitengenezwa kwa sura ya korongo, na taji la krimu ya manjano. Barasa alikata shingo, watu wakashangilia, na mama mmoja akaomba apewe taji, akalila hapo hapo akilamba vidole. Ripoti ikazinduliwa. Kwenye jalada, kwa maandishi ya dhahabu, waliandika: "Hesabu kwa njia ya Mama Wafula, kumkumbuka mama yetu." Kwa njia yako! Watu ambao hawakungoja kengele, ambao hata hawakuvuka kijito kuulizana. Na bado, ukumbi uliposimama kupiga makofi, nami niliweka soda chini nikapiga makofi.

Wazee hawakuchelewa. Walisoma kwamba korongo ni mara mbili, wakasema, "Mama Wafula alisema tungoje, tumengoja." Siwezi kuwalaumu. Kati yetu wote ni wao peke yao waliotimiza neno lao. Walikuja na kamba, wakapima kinamasi pande zote mbili za kijito, wakapiga vigingi. Kila familia iliyo karibu ikapata kipande, na viongozi wa kikundi wakapewa vyao kama shukrani. Cha Barasa kilikuwa katikati, pale kwenye majani marefu. Kuchimba mitaro ya kutoa maji kukapangwa Jumatatu, na Ijumaa kukawa na baraza la kukubaliana nani ataanzia wapi.

Nilienda hiyo Ijumaa. Barasa alikaa mbele, viatu vinang'aa. Mzee wa kijiji alipouliza kama kuna neno, niliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Hesabu ile si ya kweli," nilisema. "Korongo hawajaongezeka. Walihesabiwa ng'ambo, wakahesabiwa tena huku. Aliyejumlisha ni mimi, na nilikuwa najua."

Mtu nyuma akasema, "Si wewe ni mwalimu wa hesabu? Ati moja jumlisha moja imekushinda?" Wakacheka. Wacha wacheke, ilikuwa haki yao. Lakini Barasa alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa upole kabisa, "Ndugu zangu, Mwalimu bado ana uchungu wa mama yake. Tumwelewe." Mama, sijawahi kutaka kumpiga mtu kofi vile. Alikutumia kupamba ripoti, sasa akakutumia kuniziba mdomo.

Mzee wa kijiji akakuna kichwa. "Mwalimu, vigingi vimepigwa. Watu wamenunua miche. Ungesema mapema."

Ndipo Mama Kamau aliposimama. Amezeeka tangu uondoke, sasa anatembea na fimbo. Alinigeukia.

"Nasimiyu, hii kitu unasema ni ukweli?"

"Ni ukweli, Mama Kamau. Wewe unajua vile mlikuwa mnahesabu."

"Mimi najua. Nilikuwa nimeshangaa ndege wametoka wapi, na kwa miti yangu ni wale wale. Lakini nilionyeshwa karatasi ikiwa na jina yako. Nikasema, huyu ni mtoto wa Mama Wafula, hawezi kuandika uongo. Nikanyamaza. Nikachukua kigingi." Akaninyooshea fimbo. "Na chako je?"

Hapa ndipo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua hii. Nilikuwa na kigingi, Mama. Mimi pia. Cha katibu. Kilikuwa na jina langu kwa rangi nyekundu. Sikukiomba, kililetwa tu, lakini wala sikukikataa. Nilikuwa nimekwenda kukiangalia mara mbili, jua likiwa linapoa, nisionwe na watu. Mara ya pili nilipiga hatua kujua upana wake, na nikapata nduma ngapi zingetosha kwa mstari. Hiyo hesabu sikuikosea. Nimemsema Barasa weee, nimesema keki na fulana, na muda wote nilikuwa na kipande changu kwenye hicho kinamasi. Huyo ndiye mtu niliyeahidi kumtaja.

"Ninacho," nilimwambia.

"Basi tuone," akasema Mama Kamau.

Nilitoka, nao wakanifuata, baraza lote, wengine kwa udaku tu. Nilivua viatu nikaingia kwenye matope. Kigingi kilikuwa kimeshikwa na udongo mzito, nikakivuta kwa mkono mmoja kikakataa, nikakivuta kwa yote miwili, kikatoka ghafla nikaanguka chali na sketi yangu ya kanisa. Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Mama Kamau hakucheka. Alienda kwenye chake, akakitikisa huku na huku mtu anavyong'oa muhogo, kikatoka, akakirusha kwenye majani. Tukangoja. Nilidhani kutakuwa na wa tatu. Watu waliangalia chini, wakaangalia vigingi vyao, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja wakisema mvua inakuja. Barasa alikuwa ameshaondoka kurudi Kitale.

Jumamosi tulihesabu, mimi na yeye tu. Yeye alikaa kwenye kigoda chini ya miti yake, mimi nikasimama huku, na kengele ilipolia kila mtu akahesabu wake. Nilitumia mahindi. Baadaye tulikunywa chai na kubishana juu ya mmoja, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo. Walikuwa sawa na hesabu yako ya mwisho, Mama, hata mmoja hakuongezeka. Nilimpelekea mzee wa kijiji karatasi. Alisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nitakunywa uji.

Na Jumatatu wakachimba.

Sitaki kueleza yote. Majembe ya kwanza yalipogonga, korongo waliinuka wote pamoja, wakazunguka juu yetu wakilia, yule kiwete naye na mguu wake unaning'inia, halafu wakavuka kurudi ng'ambo na jua liko juu kabisa. Mzee wa kijiji hakuja, na kipande chake hakikuguswa. Kwa hivyo vimebaki vipande vitatu, changu, cha Mama Kamau na chake, na havipakani. Vingine vyote vina mitaro.

Nilikuwa nimesimama ukingoni kama saa tano hivi, kibarua mmoja wa Barasa akapanda kuja kwangu. Ni mtu mpole, anatoka Naitiri, ana watoto. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, taratibu, akanionyesha ndani. Mayai mawili. Alikuwa ameyakuta kwenye majani marefu, katikati ya kipande cha Barasa.

"Mwalimu, si ninyi ndio watu wa ndege?" aliniuliza. "Mnataka hizi?"

Yalikuwa bado na joto. Nilitandika leso, akanipangia, akarudi kuchimba.

Nilienda Kitale vile nilivyokuwa, na matope yangu. Kikundi kina ofisi huko sasa, yenye zulia. Barasa alikuwa na wageni. Niliweka leso mezani mbele yake, nikaifungua. Aliangalia, akasogeza kiti nyuma, akasema, "Mwalimu, toa hivyo vitu nje, vitanuka." Basi. Hakuuliza vimetoka wapi.

Ile ripoti yenye jalada la dhahabu wameitundika ukutani ndani ya fremu. Niliishusha. Nilitoa kioo, nikachukua kalamu yangu ya kusahihishia madaftari ya watoto, ile nyekundu, nikakata jina lako mstari mmoja ulionyooka. Barasa akasema, "Sasa unaharibu mali ya kikundi." Nikamwambia ndiyo, naharibu. Chini yake nikaandika: hesabu hii ilifanywa na Nasimiyu, naye alijua. Nikairudisha ukutani, nikahakikisha imenyooka, nikafunga mayai yangu nikatoka.

Nimeyazika nyuma ya nyumba, upande wa kaburi lako. Sijui kama korongo watataga tena mwaka huu, na sitakudanganya kwamba nina matumaini. Bado nina hasira na wale watu, nadhani nitakuwa nayo mpaka tuonane. Nikisimama mbele ya darasa na kuandika alama ya kujumlisha, mkono unakuwa mzito. Sikuombi uniambie si kitu, maana ni kitu. Nataka tu ujue kwamba jina lako halipo tena pale.

Lala, Mama.

Ni mimi binti yako, niliyejumlisha,
Nasimiyu